Viti 8 kwa Kaunti 47

Kenya ina kaunti 47. Fainali za kitaifa za kandanda ya wavulana katika shule za sekondari zina viti 8. Yote nitakayosema hapa yanatoka katika hesabu hiyo. Viti hivyo ni vichache mno, vimegawanywa kwa ramani ambayo nchi yenyewe imekwisha kuiacha, na vinapaswa kuongezwa viwe 16. Tena nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu wanaoniunga mkono hawatalipenda: kuongeza viti bila kubadilisha njia ya kuvipata ni kuwapakulia wakubwa sahani ya pili.

Najua swali la kwanza nitakaloulizwa. Wewe mtu wa Majanji, Uganda, ya Kenya yanakuhusu nini? Majanji iko katika wilaya ya Busia, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na ng'ambo ya ghuba ni Sio Port, Kenya. Wasamia tupo pande zote mbili. Shangazi yangu ameolewa upande ule, na kwake ndiko nilikokaa miaka yote 4 ya sekondari. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa huku mpakani, kwa watu waliobebwa kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine. Basi na mimi nihesabiwe miongoni mwa abiria hao. Nimecheza mpira wa shule Kenya, na mpira wa shule Uganda nimeufuata kupitia kwa ndugu zangu. Aliyekula nyumba mbili ana haki ya kusema ni wapi chumvi imepungua.

Kwa asiyefuatilia, mambo huenda hivi. Kila mwaka katika muhula wa pili, timu za shule huanza kupambana katika kaunti ndogo, zikapanda hadi kaunti, kisha eneo. Maeneo ni 8: Nairobi, Kati, Pwani, Mashariki, Kaskazini Mashariki, Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi. Kila eneo hutoa bingwa wake, na mabingwa hao 8 ndio hukutana katika michezo ya kitaifa inayosimamiwa na KSSSA, chama cha michezo ya shule za sekondari. Wanaofanya vizuri hapo huenda FEASSSA, mashindano ya shule za Afrika Mashariki.

Sasa tazama mgawanyo. Bonde la Ufa lina kaunti 14, kutoka Turkana hadi Kajiado. Linapata kiti 1. Mashariki ina kaunti 8. Kiti 1. Nyanza na Pwani zina kaunti 6 kila moja. Kiti 1, kiti 1. Kati ina 5, Magharibi ina 4, Kaskazini Mashariki ina 3. Nairobi ni kaunti 1, nayo ina kiti 1. Sisemi Nairobi inyang'anywe kiti chake. Ina shule nyingi na watoto wengi. Ninachouliza ni kwa nini kijana wa Turkana awapite wenzake wa kaunti 13 nyingine ili afike mahali ambapo kijana wa Nairobi hufika bila kutoka nje ya kaunti yake.

Jibu tunalijua sote, ila halisemwi: maeneo hayo 8 ni mikoa 8 ya zamani. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Tangu hapo hospitali, barabara za mashinani na masoko yamehamia kaunti. Mwanafunzi aliyezaliwa mwaka huo wa 2013 sasa anaingia umri wa sekondari. Hajawahi kuishi katika mkoa hata siku moja. Lakini siku atakapovaa jezi ya shule, ataambiwa acheze kwa ramani ya babu yake.

Huku Magharibi hali ina uchungu wake. Kakamega School, wale Green Commandos, na Musingu ni majina yanayojulikana na kila mpenzi wa mpira wa shule Kenya, na zote mbili ziko kaunti ya Kakamega. Mwaka ambao zote mbili ni kali, moja lazima ibaki nyumbani. Vihiga na Bungoma nazo zina shule zao zinazoogopwa. Busia ipitie wapi? Shule ya kutwa ya mashambani, yenye mipira 2 na mwalimu mmoja anayefundisha masomo mawili na timu juu yake, inaambiwa: mshindeni Kakamega kwanza, ndipo Kenya itawaona.

Mimi nilikuwa beki wa kushoto katika shule ya namna hiyo. Tulitolewa katika nusu fainali ya kaunti kwa bao 1, na msimu wetu ukaishia hapo. Sina kinyongo na aliyetufunga. Alitufunga kwa haki. Ninayemfikiria ni golikipa wetu. Siku ile alidaka mikwaju ambayo mimi nilikwisha kuihesabu kuwa mabao. Pembeni mwa uwanja walikuwapo wanafunzi, walimu wachache, mama mmoja aliyeuza mihogo, na basi. Hakuwapo mtu hata mmoja mwenye daftari. Leo golikipa huyo anavua omena usiku kwa taa. Uvuvi si aibu. Baba yangu ni mvuvi na karo yangu imetoka ziwani. Siapi pia kwamba angefika ligi kuu. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyempima akaona kuwa hafai. Hakupimwa kabisa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Wanaosema michezo ya shule ni burudani ya wanafunzi hawajui kinachofanyika pembeni mwa uwanja katika michezo ya kitaifa. Makocha wa klabu hufika. Wasaka vipaji hufika. Walimu wa shule kubwa hufika wakitafuta kijana wa kumlipia karo. Waandishi wa habari hufika. Michezo hiyo ni soko, na soko lenye milango 8 huuza bidhaa za watu 8.

Tena sasa Serikali ya Kenya yenyewe imesema michezo ni somo. Januari 2026 sekondari ya juu ilianza na gredi ya 10, na mmoja kati ya mikondo 3 ya masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Basi tuichukue Serikali kwa neno lake. Kama michezo ni somo, mashindano ni mtihani. Hebu tuambiwe kesho kwamba mtihani wa KCSE utafanywa kitaifa na shule 8 tu, moja kutoka kila mkoa wa zamani, na wengine wote wasahihishiwe na walimu wao huko huko bila cheti. Wazazi wangelala barabarani. Katika mpira tumelikubali hilo kwa sababu tumelizoea.

Wanaopinga wana methali yao, na hunirushia kila nikifungua mdomo: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali ni ya kweli. Lakini asiyeruhusiwa kushindana atakubalije kushindwa? Kushindwa nako ni haki, na hupatikana uwanjani.

Mjadala huu hatukuuanzisha sisi. Marekani wameugombania kwa miaka mingi, na ugomvi wao una mafunzo mawili kwetu. Wana mchezo wao wanaouita futiboli, ule wa kubeba mpira mkononi, na katika vyuo vikuu unapendwa kupita kiasi. Kuanzia msimu wa 2014 mchujo wa kumpata bingwa wa vyuo ulikuwa na nafasi 4, na kamati ndiyo iliyochagua wa kuingia. Desemba 2023 Chuo Kikuu cha Florida State kilikuwa kimeshinda mechi zake zote 13 na kutwaa ubingwa wa kanda yake. Kamati ikakiacha nje. Mchezaji wake tegemeo alikuwa ameumia, na wanakamati wakaona timu si ile tena. Yaani timu haikushindwa na mtu uwanjani, ikashindwa na watu waliokaa mezani.

Msimu uliofuata nafasi ziliongezwa zikawa 12. Nini kikatokea? Ohio State, iliyopangwa ya 8, ilitwaa kombe Januari 2025 kwa kuifunga Notre Dame 34-23. Mwaka uliofuata Miami, iliyopangwa ya 10, ilifika fainali na kushindwa na Indiana 27-21. Kwa utaratibu wa nafasi 4, bingwa wa kwanza asingekuwapo, na mshindani wa fainali ya pili asingekuwapo. Hilo ndilo funzo la kwanza: wanaochagua wachache hawajui kama wanavyodhani. Timu ya 8 inaweza kuwa ndiyo bora, na hutajua mpaka uifungulie mlango.

Funzo la pili ni chungu. Katika nafasi 12 za mwaka wa kwanza, 7 zilikwenda kwa kanda 2 tajiri, SEC na Big Ten. Mwaka wa pili zikawa 8. Mlango ulipanuliwa, na walioingia kwa wingi ni wale wale waliokuwa wamesimama mbele. Kamati ikiachiwa viti zaidi, itawapa inaowafahamu. Ndiyo maana nimesema mwanzoni kwamba idadi peke yake hainitoshi.

Turudi Afrika, maana wengine watasema ya Marekani tuyaache Marekani. Kombe la Mataifa ya Afrika liliongezwa kutoka timu 16 hadi 24 mwaka 2019, na kelele zilikuwa zile zile: ubora utashuka, tutaona mabao ya aibu. Mwaka huo Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi zilikuwapo zote 4. Burundi haikuwahi kufika huko kabla. Uganda, iliyokuwa imekaa nje kutoka fainali ya 1978 hadi 2017, ilivuka makundi. Madagaska, nayo ikiwa mgeni, iliifunga Nigeria 2-0 na kufika robo fainali. Agosti 2025 Madagaska hao hao walicheza fainali ya CHAN pale Kasarani, Nairobi, na Moroko ikawashinda kwa taabu, 3-2. Mgeni wa juzi amekuwa mwenyeji.

Sitaficha upande wa pili. Burundi mwaka huo wa 2019 ilipoteza mechi zote 3 bila kufunga bao. Tanzania nayo ilipoteza zote 3. Wapinzani wangu huishia hapo na kufunga kitabu. Wageuze ukurasa mmoja. Katika fainali za Moroko zilizoanza Desemba 2025, Tanzania ilivuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ilivuka kwa sare 2, kupitia mlango wa timu bora zilizoshika nafasi ya 3, mlango ambao usingekuwapo kama kombe lingebaki na timu 16. Kisha ikatolewa na wenyeji Moroko kwa bao 1 tu. Aliyepigwa mara 3 mwaka 2019 alikuwa anajifunza. Mwaka 2027 kombe hilo linakuja kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania. Wachezaji watakaotuwakilisha baada ya hapo wako shuleni sasa hivi, na wengi wao wako nje ya viti 8.

Na Uganda je, kwetu? Huko mlango wa shule ni mpana. Fainali za taifa za wavulana hukusanya makumi ya shule katika mji mmoja, na kijana wa shule ya mashambani hupata siku kadhaa za kuonekana na watu wasiomjua. Sisemi ni kwa sababu hiyo peke yake, lakini kombe la FEASSSA la kandanda ya wavulana shule za Uganda zimelibeba mara nyingi, na St. Mary's Kitende imelibeba zaidi ya mara moja. Hata hivyo mfano wa Uganda haunifurahishi wote. Mwenye Kitende, Lawrence Mulindwa, aliyewahi kuwa rais wa FUFA, ndiye mwenye klabu ya Vipers. Shule yenye klabu nyuma yake, viwanja vyake na uwezo wa kuwalipia karo vijana wenye vipaji kutoka kila pembe, haichezi mchezo mmoja na shule ya kutwa ya Majanji hata kama zimepangwa kundi moja. Mlango mpana humwingiza mdogo ukumbini. Haumkalishi mezani. Kwa hiyo Kenya isiige upana peke yake.

Sasa hoja ya pesa, ambayo wapinzani huiona kuwa ngome yao. Husema timu 16 ni gharama mara mbili ya timu 8. Tuhesabu pamoja. Kwa utaratibu tuliouzoea, timu 8 hugawanywa katika makundi 2 ya timu 4. Kila kundi lina mechi 6, jumla 12. Ongeza nusu fainali 2, mechi ya kumtafuta wa tatu, na fainali. Jumla ni mechi 16, na bingwa hucheza siku 5. Chukua timu 16, ucheze mtoano tangu siku ya kwanza: mechi 8, kisha 4, kisha 2, kisha mechi ya wa tatu na fainali. Jumla ni mechi 16, na bingwa hucheza siku 4. Marefa ni wale wale kwa idadi, uwanja ni ule ule, na siku moja imepungua. Nusu ya timu hurudi nyumbani baada ya siku ya kwanza, kwa hiyo mabweni na jikoni havilemewi muda mrefu. Kinachoongezeka ni nauli ya mabasi 8. Anayesema nchi nzima haiwezi mabasi 8 atutajie kitu kingine alichoshindwa kukinunua mwaka huu.

Kuna atakayesema ni ukatili kumsafirisha mtoto kutoka Mandera acheze mechi moja na kurudi. Mwulize mtoto mwenyewe. Ukimpa achague kati ya mechi moja mbele ya taifa na kutokwenda kabisa, sijui ni mtoto yupi atakayechagua kubaki.

Na masomo? Mwalimu mmoja aliniambia kwamba timu nyingi zaidi ni vipindi vingi zaidi vinavyopotea. Kwa timu moja moja, hapana: mashindano ya taifa yatakuwa mafupi kwa siku moja. Kwa timu mpya zitakazoingia, ndiyo, zitapoteza siku chache. Lakini hakuna mwalimu anayelalamika shule yake inapofika tamasha za muziki na drama za kitaifa. Siku hizo tunaziita elimu. Mguu nao uitwe hivyo hivyo.

Basi hivi ndivyo ningependa iwe. Mabingwa 8 wa maeneo wabaki na viti vyao. Wamevipata kwa jasho. Ukiondoa kaunti 8 zilizotoa mabingwa hao, zinabaki kaunti 39. Kila moja ina bingwa wake. Mabingwa hao 39 wapiganie viti 8 vipya kwa mtoano wa mechi moja moja. Kila mechi hutoa timu moja, kwa hiyo kutoka 39 hadi 8 zinahitajika mechi 31, na zinaweza kuchezwa katika Jumamosi 3. Mechi hizo 31 ndizo gharama mpya, sizifichi. Lakini zipangwe kwa ujirani, bila kujali mkoa wa zamani. Busia icheze na Siaya. Bungoma icheze na Trans Nzoia. Timu iondoke asubuhi, icheze, irudi jioni. Hakuna bweni, hakuna magodoro. Kaunti zinazonunulia timu jezi kila unapokaribia uchaguzi zinaweza kununua mafuta ya basi Jumamosi 3.

Masharti yangu ni mawili. La kwanza, pasiwe na kamati ya kuchagua wala mwaliko wa heshima. Asije mtu akasema shule fulani ina historia, ipewe nafasi. Historia ikacheze Jumamosi kama wengine. La pili, mchezaji aliyehamishwa mwaka huo kutoka shule ya kaunti nyingine asicheze mechi za viti vipya. Sote tunajua vijana wanaoonekana shuleni Mei wakiwa na sare mpya na kutoweka Septemba. Viti vipya vikiwa mali ya wachezaji wa kununuliwa, tutakuwa tumejenga Kitende 8 bila viwanja vya Kitende.

Na yote haya yafanywe kwa wasichana pia, siku ile ile, kwa idadi ile ile. Butere na Wiyeta zimeonyesha wasichana wa magharibi mwa Kenya wanaweza nini wakipewa mpira na mwalimu. Kwa msichana kiti hicho kina thamani zaidi, kwa sababu mvulana aliyekosa michezo ya shule anaweza bado kuonekana katika mashindano ya kijiji siku ya Krismasi. Msichana akitoka shuleni, mara nyingi viatu vya mpira hubaki shuleni.

Wapo wanaosema tuige Tanzania, ambako katika UMISSETA wachezaji bora huchaguliwa kutoka shule mbalimbali wakaunda timu ya mkoa. Ni wazo zuri, na golikipa wetu angefaidika nalo. Lakini hapo tena tunarudi kwa watu wa kuchagua, na mimi nimechoka na watu wa kuchagua. Pia shule ina kitu ambacho timu ya kuchanganywa haina: wanafunzi mia 6 walioacha chakula cha mchana ili waimbe. Ningependa shule ibaki.

Nawaandikia ninyi wenzangu kwa sababu moja. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tutakuwa walimu. Nanyi mnajua, mwalimu mgeni akifika shuleni, hata kabla ya kuonyeshwa nyumba ya kulala, hukabidhiwa timu. Chama cha michezo ya shule kinaendeshwa na walimu. Si wizara peke yake, si wanasiasa. Mikutano yake huanzia kaunti ndogo, na humo humo ndimo sheria za mashindano huanza kuombwa au kunyamaziwa. Wahadhiri wetu, ninyi mliowafundisha wakuu wa shule wa leo, mnawafahamu kwa majina na wanapokea simu zenu. Waulizeni swali moja tu: katika kaunti 47, ni nani aliyeamua viti viwe 8, na ni lini mara ya mwisho mtu yeyote alipiga kura juu yake?